Kibao cha jina la mti si ubao wa kukatia nyanya!

Ndugu wanajukwaa, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Yule bwana mnamjua nyote, yule anayejifanya mwenyeji wa kila mandari hapa Nairobi, kwa hiyo sina haja ya kumtaja. Leo, ndani ya Arboretum, ile bustani ya miti, aling'oa kibao cha jina la mti, akakipangusa kwa mkono wa shati lake, akakatia nyanya za kachumbari juu yake. Nilipomwuliza atakirudisha lini, alinijibu mbele ya watoto: "Mti haujui kusoma, mama."

Bustani ile ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu injini za reli zilikuwa zikila kuni na misitu ya asili ilikuwa ikipungua. Leo ina aina za miti zaidi ya 300 katika hekta zipatazo 30, na bila kibao mtoto atajuaje upi uliletwa kutoka Australia na upi ni muiri wetu? Maji ya nyanya yalichuruzika juu ya jina la Kilatini mpaka likaonekana kama limechinjwa. "Mti haujui kusoma"! Mtu huyu akiachiwa bustani nzima, kufikia magharibi atakuwa amekaanga hata mto Kirichwa. Nyanya, jamani, juu ya kibao!

Mkazi wa Kilimani: Pole, Mwalimu, lakini kila mwaka mnaenda naye mandari. Kachumbari yenyewe uliila?

Mwanzilishi wa uzi: Sikuigusa, na sitaigusa.

Baba Pacha: Afadhali nyanya. Wanaowatupia tumbili biskuti ndio walioharibu mahali pale. Binti yangu alinyang'anywa chapati mkononi, na tumbili akaila akimtazama usoni.

Dada wa Kileleshwa: Tumbili angalau hula kimya, Baba Pacha. Mimi huenda kupumzika, nikakuta watu wanakemea mapepo kwa sauti chini ya kila mti wenye kivuli.

Baba Pacha: Waache waombe, dada yangu. Wanaofunga njia ni wapiga picha za maharusi.

Dada wa Kileleshwa: Maharusi hupita baada ya saa moja, ilhali mapepo hukemewa kutwa nzima.

Mwanzilishi wa uzi: Na kibao je?

Mkazi wa Kilimani: Maharusi gani hao wa saa moja? Wale niliowakuta mimi walikuja na matarumbeta.