Hoofers Club ya Harlem: ilikuwaje, na sakafu yake tuipateje Dodoma?

Njuga_Kizota: Wakuu, kikundi chetu kimepata chumba cha kukutania wacheza dansi ya tapu (ile ya kugonga sakafu kwa viatu vyenye vyuma), bila mwalimu, kama Hoofers Club ya Harlem, New York. Pale mambo yalikwendaje? Na sakafu ya saruji inafaa?

MdundoWaKati: Mkuu, kilikuwa chumba kidogo nyuma ya Comedy Club, jirani na ukumbi wa Lafayette, Seventh Avenue. Ndani mlikuwa na piano na sakafu nzuri, basi. Miaka ya 1920 na 1930 walipita humo wacheza tapu kama King Rastus Brown, Eddie Rector, Honi Coles na wengine wengi. Kilichokifanya kiwe shule ni sheria moja: usiige hatua za mwenzako kama zilivyo. Ukipenda hatua ya mtu, unaichukua ila lazima uigeuze: anza na mguu mwingine, hamisha mkazo, ongeza kisigino. John Bubbles alipokwenda akiwa kijana walimcheka akaondoka. Akajifua, akarudi na mtindo wake. Bill Robinson, mcheza tapu maarufu, alicheza akiwa juu ya vidole vya miguu. Bubbles alishusha visigino na kupunguza kasi ya muziki kwa nusu, akapata nafasi ya kupachika midundo mingi zaidi kati ya mapigo. Sheria hiyo ndiyo muianze nayo, kabla hata ya kununua viatu.

FundiMbao_Majengo: Saruji hapana kabisa. Hainepi, kishindo chote kinarudi kwenye miundi na magoti. Vigae vibaya zaidi, vinateleza na kupasuka. Kwa futi 8 kwa 8: mbao 9 za inchi 2 kwa 2, moja kila futi, juu ya vipande vya mpira. Kisha plaiwudi 2 za milimita 18, kiungo kikalie mbao ya tano. Tumia skrubu, vichwa vizame. Misumari itachomoka kwa kugongwa. Acha sentimita 1 ukutani, maana plaiwudi ikikauka kiangazi hapa Dodoma halafu masika yakaingia, inavimba na kubinuka. Msipake vanishi ya kung'aa, mtaanguka.

MdundoWaKati: Nyongeza: skrubu za vyuma vya viatu zikikazwa mno sauti inafifia, zikilegea zinakwangua mbao. Na tafuteni mpiga zeze au marimba badala ya spika. Mpigaji anapunguza kasi mchezaji akimwomba, na hatua mpya hutafutwa kwenye mwendo wa polepole. Mkivaa njuga, mzivue kwanza, zinafunika sauti ya kisigino.

Njuga_Kizota: Shukrani wakuu. Mbao 2 kwa 2 ziwe za mninga au paini?

FundiMbao_Majengo: Paini iliyokauka inatosha, mradi imenyooka.