Betri za kuchaji na chaja zake: tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nimechoka kununua betri za kutupa. Mama ana mashine ya kupima presha ya betri nne za AA, na kaambiwa apime asubuhi na jioni. Ile pampu inakula betri balaa. Za bei ya chini hazimalizi wiki mbili, kisha namkuta kazianika dirishani kama tulivyokuwa tunaanika betri za redio ya babu.

Nikanunua seti kwa muuza vifaa vya simu: chaja na betri nne zilizoandikwa 3000 mAh, yaani kiasi cha chaji zinachobeba. Mwezi wa kwanza safi. Wa pili mashine inajaza upepo nusu, inazima. Chaja yenyewe taa nyekundu usiku kucha, haibadiliki. Mwenzangu unatumia ipi, na umedumu nayo muda gani?

Fundi wa Tabata
Mkuu, usizilaumu betri peke yake. Taa isiyobadilika ni dalili kwamba chaja haijui betri imejaa. Inasukuma tu mpaka uchomoe, na betri ya NiMH, hizi za kuchaji za kawaida za nikeli, ikishajaa, umeme unaozidi unageuka joto. Chaja nzuri inafuatilia volti: betri ikijaa volti zinashuka kidogo sana, hapo inakata. Mimi natumia kiganja. Nikichomoa betri ni vuguvugu, sawa. Ikinifanya niirushe mkono hadi mkono kama kiazi cha moto, hiyo chaja inakaanga.

Halafu angalia kama inachaji mbilimbili. Nyingi za bei poa zina nafasi nne ila njia mbili tu, ukiweka moja tupu na moja nusu, ya nusu inapigwa umeme usio wake. Tafuta inayochaji kila betri na taa yake. Na hiyo 3000 kwenye AA mimi siiamini. Zangu zinazodumu zimeandikwa 2000 tu.

Mama Mapacha
Mimi magari ya watoto yamenifundisha. Betri nilikuwa nachanganya ovyo, mpya na iliyochoka kwenye kifaa kimoja. Iliyochoka inaisha kwanza, nzima inaendelea kuilazimisha, inaharibika moja kwa moja. Sasa kila jozi naipaka rangi ya kucha: nyekundu za rimoti, pinki za magari. Zinaingia pamoja, zinatoka pamoja, kwenye chaja pia pamoja.

Na chaja iko juu ya kabati. Kuna siku mmoja wao alitia humo betri ya kawaida ya saa ya ukutani, ikavuja ute, nafasi hiyo haifanyi kazi mpaka leo.

Msafiri wa Nakuru
Huku kwetu betri tunaziita mawe. Shida yangu ilikuwa tochi: nachaji, naweka kwa droo, stima ikipotea baada ya miezi mitatu, tochi kimya. Nilidhani nimeuziwa mbovu, kumbe NiMH za zamani zinajimaliza zenyewe zikiwa zimekaa tu. Tafuta zile zinazotunza chaji. Sanyo walizianzisha mwaka 2005 kwa jina la Eneloop, sasa ziko chini ya Panasonic. Nne ziliniuma mfukoni, lakini huu ni mwaka wa sita.

Babu wa Wete
Mimi niliingia kwenye zile za lithiamu za volti 1.5, zenye tundu la waya wa simu ubavuni. Kwenye rimoti hazina neno. Kwenye redio yangu ya mawimbi mafupi zikaleta mlio wa nyuki, stesheni haisikiki. Ndani mna kijisakiti cha kushusha volti, ndicho kinacholia. Nikarudi kwenye NiMH.

Fundi wa Tabata
Babu umenikumbusha. Wenye tochi za betri nene za lithiamu za kuchaji, zile za saizi ya 18650, msidanganyike na "9900 mAh". Ya kweli inazunguka 3000 hivi na ina uzito wa gramu 45 au zaidi kidogo. Mteja aliniletea moja, mzani wa jikoni ukasoma 27. Na tafadhali, hizo msizitie kwenye chaja ya NiMH, ni hatari.

Mwanzisha mada
Asanteni sana. Nimechukua chaja ya taa nne na betri nne za 2000. Wiki ya tatu hii, mashine inajaza upepo mpaka mwisho. Kasoro moja: alama ya betri kuisha inawaka mapema, kwa sababu hizi ni volti 1.2 kila moja, nne zinatoa 4.8 badala ya 6. Bado inapima vizuri kwa siku kadhaa.

Tatizo ni mama. Akiiona hiyo alama anazitoa. Leo nimezikuta dirishani, zimepangwa kwenye kifuniko cha sufuria. Nikamwambia mama, hizi zina chaja. Akanijibu jua halina bili.