Re: Celica ya 1974, namba ya injini isiyolingana, na kurudi Moshi

Mwana wa Majengo, Leicester

Ndugu zangu wa Kilimanjaro na Arusha,

Naomba msaada wa yeyote aliyewahi kurudi nyumbani na gari la zamani. Nina Toyota Celica ya mwaka 1974, ile ya kwanza ya milango miwili, injini ya cc 1588, na mwezi Septemba ninarudi Moshi moja kwa moja. Ofisi moja, ambayo sitaitaja, imenirudishia fomu kwa mara ya pili kwa sababu namba ya injini iliyoandikwa kwenye V5C, yaani hati ya usajili wa gari ya Uingereza, hailingani na ile iliyogongwa kwenye chuma. Mmiliki aliyenitangulia alibadilisha injini na hakuona sababu ya kumwarifu mtu. Hilo nitapambana nalo mwenyewe.

Swali langu ni hili. Mtu anayerudi kuishi nyumbani husamehewa ushuru wa gari moja, mradi awe amelimiliki na kulitumia huko nje kwa muda usiopungua miezi 12, bila kuhesabu muda wa gari kuwa melini. Mimi nimelimiliki kwa miezi 22, lakini miezi 14 kati ya hiyo lilikuwa SORN, yaani limeandikishwa rasmi kuwa haliko barabarani, limekaa juu ya matofali huku nikichomelea sakafu yake iliyoliwa na kutu. Je, miezi hiyo inahesabika kuwa ya kulitumia?

Dada wa Himo, Reading

Kaka, pole sana. Mimi nilikuwa na Ford Capri 1600, na nilipoanza kupiga hesabu za kuipeleka nyumbani nikakata tamaa kabla sijafika kwa wakala. Nilikuwa sijakamilisha kurudi, kwa hiyo msamaha haukunihusu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, ushuru wa bidhaa 5, uchakavu 30 kwa kuwa gari limezidi miaka 10, kisha VAT 18. Jumla ni asilimia 78. Niliiuza kwa kijana mmoja, na nilipomkabidhi funguo niliugeukia ukuta nisionekane. Capri halikuwa gari la matajiri. Liliundwa ili mtu wa mshahara wa kawaida naye aonekane amependeza akipita. Lako ni la rangi gani?

Mzee wa Kiborloni, Houston

Binti yangu, hesabu hiyo si sahihi, na watu wataingia hasara wakiifuata. Viwango hivyo havijumlishwi kama bei za nyanya. Kimoja hukaa juu ya kingine. Chukua thamani ya 100 pamoja na nauli na bima. Ushuru wa forodha unaifanya 125. Ushuru wa bidhaa na uchakavu vinakokotolewa juu ya hiyo 125, unafika 168.75. VAT inapigwa juu ya hapo, unafika 199 na ushee, na tozo ndogondogo bado. Maana yake unalinunua gari lako mara mbili. Hiyo asilimia 5 nayo ni ya injini isiyozidi cc 2000. Huyo wa Leicester angekuwa na Datsun 240Z yenye cc 2393 ingekuwa 10.

Na kwa kuwa tumeitaja 240Z, hakuna kupe nyingine iliyonigusa kama ile. Mwaka 1972 baba alinibeba mabegani kando ya barabara kutazama Safari Rally, ikapita imejaa vumbi mpaka kwenye vioo, na ndiyo iliyoshinda mwaka ule.

Mwalimu, Njiro, Arusha (nimesharudi)

Shikamoo mzee. Kwanza, kupe ni mdudu wa ng'ombe, na huku kwetu tunamwogesha joshoni. Tuseme gari la milango miwili. Pili, mashindano ya 1972 yalianzia Dar es Salaam, na mshindi alikuwa Hannu Mikkola kwa Ford Escort. Datsun 240Z ilishinda 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, ambaye hata hivyo alilingana pointi na Harry Källström, naye akiwa katika Datsun.

Mdogo wangu wa Leicester, mimi nina Datsun 120Y ya milango miwili, cc 1171, na ninakuhurumia kwa jambo ambalo hujaliuliza. Kutoka Tengeru kwenda Usa River, na kuendelea hadi Boma Ng'ombe, utakutana na matuta ambayo gari la chini hivyo huyapanda kwa ubavu, tumbo likikwaruza, abiria wa daladala wakikucheka. Ukipata sehemu iliyonyooka, trafiki yupo na tochi yake, na ukizidisha 50 penye makazi ni shilingi 30,000. Fundi wangu wa Unga Limited aliyeweza kusawazisha kabureta kwa bisibisi na sikio amezeeka. Vijana wake wanatafuta mahali pa kuchomeka kompyuta.

Hata hivyo kila Jumapili ninaiwasha. Mnakumbuka miaka ile ya uhaba wa mafuta, gari binafsi likiwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana? Tulikuwa tunatoka Marangu saa saba, sahani za chakula zikiwa bado mezani, na shangazi akinung'unika kwamba serikali imemfukuzia wageni.

Mzee wa Kiborloni, Houston

Marahaba. Sikusema ilishinda, nilisema ilipita.

Dada wa Himo, Reading

Mzee, umeandika "ndiyo iliyoshinda". Ipo hapo juu.

Mwana wa Majengo, Leicester

Ninawashukuru nyote, lakini naomba turudi kwenye SORN. Ugumu wangu ni ushahidi. Gari lililozidi miaka 40 halilazimishwi MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka wa huku Uingereza, kwa hiyo sina cheti hata kimoja kinachoonyesha kilomita zilivyokuwa zikiongezeka. Nilicho nacho ni bima ya miezi minane tu. Isitoshe, leo asubuhi fomu imerudi mara ya tatu. Inashangaza kwamba kanuni inayonikosesha usingizi ni ya Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004, ambayo makao yake makuu yako hapo Arusha, na Mwalimu anaweza kufika getini kwao kabla chai yake haijapoa.

Dada, ni ya rangi ya chungwa. Nilipokuwa darasa la nne kulikuwa na daktari wa Shanty Town mwenye Celica ya rangi hiyo, na alipokuwa akishusha gia kwenye kona tulikuwa tunaacha mpira na kusimama.

Mwalimu, Njiro, Arusha

Getini nitafika, lakini nitamwuliza nani? Ile ya daktari ipo mpaka leo. Niliiona wakati wa Pasaka nyuma ya nyumba, matairi yamezama udongoni, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mwanawe aliniambia injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani.

Mwana wa Majengo, Leicester

Na cheti chake kipo?