Kuigiza nahodha mbele ya ukuta wa LED: macho niyaweke wapi?

MsukaniUnguja: Assalaam alaykum. Nina mazoezi ya filamu hapa mjini: jahazi linaingia bandari ya Malindi, hapa Unguja, jua likitua, nahodha anageuka kutazama kisiwa cha Changuu. Baharini hatwendi. Ukumbini kutawekwa kipande cha tezi (sehemu ya nyuma ya jahazi) na usukani, nyuma ukuta wa LED, yaani skrini kubwa inayoonyesha mandhari ya bahari. Nimezoea pazia la kijani, ambalo mandhari hutiwa baadaye kwa kompyuta. Nibadilishe nini?

Fremu24: Waalaykum salaam. Kwanza macho. Picha ile haikuchorwa kwa jicho lako, imechorwa kwa jicho la kamera. Kompyuta inafuata kamera ilipo na kupinda mandhari papo hapo. Kamera ikisogea, Changuu inahama nawe umesimama palepale. Ukiikodolea yenyewe, kwenye filamu utaonekana unatazama pembeni. Omba alama ya utepe ibandikwe kwenye kigingi, urefu wa macho, pale kamera inapoamini kisiwa kipo. Hiyo ndiyo Changuu yako.

Usiusogelee ukuta. Fokasi ikikukamata wewe na ukuta pamoja, michirizi inatokea kwenye picha, na hiyo kuisafisha baadaye ni kazi.

Kanzu nyeupe vaa bila wasiwasi. Kwenye pazia la kijani pindo lingechukua ukijani. Hapa litapokea wekundu wa machweo. Lakini ukuta wa The Mandalorian (2019), tamthilia ya televisheni, ulizunguka nyuzi 270 na juu ulikuwa na dari ya LED. Wenu ukiwa bapa, mgongo utawaka na uso utakuwa giza, basi waombe taa ya mbele yenye rangi ileile.

OmoTezi: Fremu24 kasema kweli, ila sauti ndiyo inayoharibu kazi nyingi. Ukumbi kimya, mwigizaji anasema kama yuko barazani. Wakishatia upepo na mawimbi, maneno hayasikiki. Fanyeni mazoezi huku mlio wa bahari umefunguliwa juu kabisa, uzimwe kamera ikianza, na koo libaki palepale.

Na kuyumba: omo (mbele ya jahazi) ikipanda, mstari wa bahari unashuka. Ukiyumba kinyume chake, jahazi lote linakuwa uongo. Mtu mmoja ahesabu moja mpaka nne kwa sauti mazoezini, magoti yashike mdundo.

MsukaniUnguja: Ahsanteni sana. Na feni ya upepo?

OmoTezi: Iwashwe kwa picha zisizo na maneno tu. Kwenye maneno kipaza sauti kitaimeza yote.