Kumwachisha kazi mkandarasi katikati ya ujenzi: kibali kinabaki kwa nani?

Mama wa Tabata
Ndugu wanajukwaa, salaam. Nyumba yetu ni ya chini, ina vyumba vitatu, na mwaka jana tulikubaliana na mkandarasi aezue paa, asimamishe nguzo na amwage slabu ili tupate ghorofa moja. Mkataba ni wa kurasa mbili na unataja malipo ya awamu nne. Nimekwisha kulipa awamu tatu, lakini kilichosimama mpaka leo ni nguzo peke yake, na vichwa vya nondo vilivyoachwa wazi tangu masika vimeota kutu hata ukivigusa vidole vinabaki vyekundu. Kazi imelala miezi miwili. Nikipiga simu naambiwa mafundi wamekwenda msibani, na msiba huo sasa ni wa tatu.

Nimeamua kuachana naye. Hata hivyo, aliyefuatilia kibali cha ujenzi ni yeye, nakala anayo yeye, na ananiambia kwamba nikimwondoa kibali kinakufa. Je, ni kweli? Na je, naweza kumwingiza fundi mwingine hata kesho?

Mkadiriaji Majenzi
Dada, hapo anakutisha tu. Kibali hutolewa kwa mwendelezaji wa kiwanja, yaani ninyi wenye nyumba, kwa kiwanja hicho na kwa michoro iliyoidhinishwa. Mkandarasi aliyezunguka na faili alikuwa mjumbe wako. Nenda halmashauri ukiwa na hati au barua ya umiliki, uombe jalada lifunguliwe, na usiishie kuangalia jina na tarehe: kaa nao, muifungue michoro yenyewe muisome.

Fundi mwingine kesho, hapana. Siku zege jipya likimwagwa juu ya la zamani, hakuna atakayeweza kusema nani alifanya nini, na madai yako yatakuwa yamefukiwa humo humo. Mwandikie kwanza notisi inayotaja kifungu cha mkataba alichokivunja na siku za kurudi kazini. Zikipita, mwandikie barua ya pili ya kusitisha mkataba na umwalike kwa tarehe maalumu mpime kazi kwa pamoja. Asipotokea, pimeni mbele ya mjumbe au mtendaji wa mtaa, mpige picha, na mkadiriaji aandike thamani ya kilichopo. Tofauti kati ya thamani hiyo na fedha ulizolipa ndiyo msingi wa dai lako, na fidia ya kuvunjwa kwa mkataba imo katika kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. WhatsApp si mbaya, ila barua iliyosainiwa kupokelewa ina nguvu zaidi.

Baba Wawili, Mbagala
Naongeza jambo dogo lililonigharimu. Nilibadilisha kufuli la geti siku ile ile ya ugomvi, na kesho yake nikaitwa polisi, eti nimeiba mirunda na mbao zake. Orodhesha vifaa vyake vyote na umruhusu avichukue mbele ya shahidi, kisha asaini.

Mhandisi Mstaafu
Mama, kutu nyepesi inayotoka kwa brashi ya waya haina neno. Inayotisha ni ile iliyokula chuma hadi kikaacha vishimo, na hiyo hupimwa kipenyo, haikadiriwi kwa macho. Ila mimi naogopa zaidi kilicho chini ya nguzo, kwa sababu msingi uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini haukukusudiwa kubeba slabu na kuta za ghorofa. Tangu ghorofa lilipoporomoka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, sikubali kusikia neno «kuongeza ghorofa» kabla ya kuuliza nani alikokotoa msingi.

Angalia pia kama huyo bwana amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na yuko daraja gani kati ya yale saba. Akiwa amesajiliwa, peleka malalamiko huko. Ukipata mwingine, bango la eneo la ujenzi na usajili wa mradi lazima vibadilishwe, la sivyo mtu aliyeondoka ataendelea kuonekana kuwa ndiye anayejenga kwako.

Mama wa Tabata
Nimerudi kutoka halmashauri, na bado naona aibu kuandika. Kibali kipo, kwa jina la mume wangu, lakini michoro iliyogongwa muhuri inaonyesha kubadilisha paa na kupanua jiko. Ghorofa halimo kabisa. Nguzo sita zimesimama uani kwangu bila idhini yoyote.

Mkadiriaji Majenzi
Basi simamisha kila kitu kabla hawajaja kukuandikia X nyekundu ukutani. Tafuta msanifu na mhandisi waliosajiliwa. Mhandisi afukue msingi pembeni mwa nguzo mbili auone kwa macho yake, kisha waandae michoro ya usanifu na ya uimara, upeleke ombi jipya na kueleza wazi kuwa nguzo zimekwisha kujengwa. Huenda ukatozwa faini, na huenda baadhi ya nguzo zikabomolewa. Katika notisi yako, ongeza kwamba alijenga nje ya kibali alichokifuatilia mwenyewe. Dai la gharama za kubomoa litapita hapo.

Mama wa Tabata
Ahsanteni. Barua naiandika leo, na mhandisi atakuja Jumamosi na sururu.