Naombeni ushauri, viatu gani vinafaa kwenye boti?

Wakuu habari zenu, nimepata kibarua kwenye boti ya kupeleka wageni kisiwa cha Mnemba kutoka Nungwi, Zanzibar, naanza wiki ijayo sasa shida ni viatu. Juzi kwenye majaribio nilivaa ndala, sakafu ya faiba imelowa maji na dizeli kidogo, nikateleza nikapiga goti kwenye ukingo mpaka leo limevimba. Peku naogopa maana kwenye kushuka unakanyaga matumbawe yanachana kama wembe, na raba zikilowa zinakuwa nzito hazikauki mpaka kesho. Kuna anayeniambia nichukue yeboyebo za kufunga kisigino. Mnaofanya hizi kazi, soli gani inashika kweli kwenye faiba iliyolowa? Bajeti yangu elfu 40 tu.