Mnahesabu mipira huku mkono mnauua: huu "utunzaji" wa warushaji vijana ni geresha

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, anayetaka lugha laini apite uzi mwingine. Mods nanyi nawaomba msiutupe huu kwenye "michezo mingine" kusikofika mtu. Tunaofuatilia besiboli humu tupo wengi kuliko mnavyodhani, hasa sisi wa huku Maryland na Virginia ambao timu ya karibu ni Washington Nationals, tupende tusipende.

Hoja yangu ni hii. Klabu za MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, kila msimu zinatuimbia wimbo wa kuwatunza warushaji vijana. Kikomo cha iningi (vipindi vya mechi, kawaida tisa). Mipira 90 basi, toka. Siku tano za kupumzika. Mara kijana anateremshwa ligi ndogo katikati ya msimu eti apunguziwe mzigo. Halafu wale wale waliotunzwa wanapasuliwa kiwiko, leo huyu, kesho yule. Kinachopunguzwa ni idadi ya mipira tu! Kila mpira uliobaki kijana anatakiwa aurushe kwa nguvu zote alizonazo, na klabu ina jeuri ya kumdai hivyo kwa kuwa nyuma yake imepanga foleni ya mikono mingine inayosubiri kutumika.

Tuanzie hapa hapa nyumbani. Cade Cavalli, mrushaji, alichukuliwa na Nationals raundi ya kwanza ya uchaguzi wa chipukizi mwaka 2020. Agosti 2022 akapandishwa timu kubwa, akacheza mechi moja, bega likaleta shida, msimu wake ukaishia hapo. Machi 2023, wakiwa mazoezini kabla ligi haijaanza, kiwiko nacho. Tommy John, yaani ule upasuaji wa ligamenti ya kiwiko. Tulikuja kumwona tena kwenye kilima cha ligi kuu, pale anaposimama mrushaji, Agosti 2025. Josiah Gray alifuata 2024. DJ Herz, 2025. Travis Sykora, aliyekuwa akitajwa miongoni mwa warushaji wao bora kule ligi ndogo, naye 2025. Hiyo ni klabu moja tu, wakuu. Julai 2025 wakamfukuza meneja mkuu Mike Rizzo na kocha Dave Martinez siku moja, na kuna mashabiki walishangilia kana kwamba viwiko navyo vitapona.

Kwa msiojua, Tommy John ni mtu, ndiyo, upasuaji umepewa jina lake. Alikuwa mrushaji wa Dodgers. Mwaka 1974 ligamenti ya kiwiko chake cha kushoto ilikatika, Dk. Frank Jobe akachukua kano kutoka mkono wa pili akaifunga pale. Kabla ya hapo ukikatika hivyo unarudi kwenu ukalime. John alirudi uwanjani 1976 akacheza mpaka 1989. Sawa, tiba nzuri. Ila yeye alikuwa mtu mzima wa miaka 31 na maelfu ya iningi mwilini. Leo wanaopanga foleni kwa daktari ni pamoja na watoto wa sekondari.

Sasa nije kwa Stephen Strasburg maana najua mtamleta tu.

Namba moja wa uchaguzi wa chipukizi wa 2009, mrushaji wa Nationals hao hao. Mechi yake ya kwanza Juni 2010 aliwatoa wapigaji 14 wa Pirates kwa straiki, bunduki ya kupima kasi ikisoma maili 100 kwa saa. Miezi mitatu baadaye yuko kwenye meza ya upasuaji. Akarudi, na 2012 Rizzo akatangaza mapema kwamba kijana ana kikomo na hakuna wa kumbadilisha mawazo. Septemba, iningi 159 na theluthi, ushindi 15, timu inaongoza ligi nzima, wakamfungia. Nationals wakaingia mtoano bila mrushaji wao bora. Mechi ya tano dhidi ya Cardinals walikuwa mbele 6-0. Sita bila! Iningi ya tisa bado wanaongoza 7-5, wamebakiza straiki moja mechi iishe. Moja tu. Ikafika mara mbili kwenye straiki hiyo na mara zote mbili ikakataa. Tukafungwa 9-7. Mimi hata leo nikiona marudio ya Pete Kozma wa Cardinals, aliyepiga ule mpira wa kutumaliza, nazima simu.

Wapo wanaosema Rizzo alikuwa sahihi, kwamba bila ule uamuzi Strasburg asingekuwepo 2019 kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa World Series. Inawezekana. Lakini malizieni basi hadithi. Baada ya 2019 alipewa mkataba wa miaka saba, dola milioni 245, na katika mkataba huo wote alirusha iningi 31 na theluthi. Bega, mishipa ya fahamu, upasuaji wa kuondoa ubavu, mwisho akastaafu 2024. Sasa niambieni, kile kikomo cha 159 kililinda nini? Walifunga bomba Septemba, ila kuanzia Aprili mpaka Agosti hakuna aliyemwambia kijana apunguze hata maili mbili.

Na kama mnadhani walijifunza, mtazameni Eury Pérez wa Marlins. Aliingia Mei 2023 akiwa na miaka 20, akawa anawachachafya watu wazima. Julai wakamrudisha ligi ndogo ilhali wapigaji hawana jibu naye, sababu ni mzigo. Wakamrejesha Agosti. Msimu mzima iningi 91 na theluthi, yaani alitunzwa kama yai. Aprili 2024, Tommy John! Ningekuwa mimi daktari wa pale ningeanza kujiuliza kama kweli tunapima kitu sahihi.

Sisemi haya kutoka kichwani. MLB wenyewe Desemba 2024 walitoa ripoti baada ya kuhoji zaidi ya watu 200, wakiwemo madaktari, makocha na warushaji wa zamani, na jibu likawa kukimbilia kasi, kukimbilia mipira inayopinda sana, na kurusha kwa nguvu zote muda wote. Wastani wa mpira wa kasi ulikuwa kama maili 91 mwaka 2008. Mwaka 2024 ni 94 na ushee. Mkono wa binadamu haujabadilika katika miaka hiyo 16, ligamenti ni ile ile. Ripoti ikasomwa, ikasifiwa, ikawekwa kabatini.

Hapa ndipo inapoingia kasheshe ya kikosi, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Timu kubwa ina wachezaji 26, na warushaji hawazidi 13. Lakini klabu ina orodha ya watu 40, na kijana ambaye bado yumo kwenye miaka yake ya mwanzo anaweza kushushwa na kupandishwa hadi mara tano kwa msimu mmoja. Kwa hiyo hiyo 13 ni ya kwenye makaratasi. Kwa vitendo timu inatumia warushaji 30 na zaidi kwa mwaka. Hawa wa katikati ni deiwaka kabisa. Anaitwa kutoka Rochester, timu ya ligi ndogo ya Nationals, asubuhi, jioni yuko Washington, jezi imeshonwa jina haraka haraka, anaingia iningi ya sita mkono ukiwa baridi, anaambiwa toa kila ulichonacho. Anatoa. Kesho yake mkono umechoka, hawezi kutumika usiku ule, basi anashushwa na anaitwa mwingine aliyelala vizuri. Kwa sheria mrushaji akishushwa akae huko siku 15, lakini mwenzake akiumia anaweza kurudishwa kabla, na kuumia hakukosekani.

Tazameni hesabu anayopiga huyo kijana. Kima cha chini ligi kuu 2025 kilikuwa dola 760,000 kwa msimu. Gawa kwa siku za msimu, ni zaidi ya dola elfu nne kwa siku. Akishushwa, pesa hiyo inabaki mjini, yeye anapanda ndege na posho ya kule. Akifikisha siku 43 ligi kuu anapata haki ya pensheni. Akiumia akiwa juu, anawekwa kwenye orodha ya majeruhi ya ligi kuu na mshahara unaendelea. Akiumia akiwa chini, hana hayo. Sasa yuko Rochester, kiwiko kinawaka moto kwa ndani, simu inaita: njoo Washington. Nani kati yenu atasema "kocha, nina maumivu"? Atameza dawa, ataenda, atarusha maili 97, na kikikatika afadhali kikatike juu ya kilima cha Washington. Halafu sisi kwenye viti tunasema vijana wa siku hizi mikono yao ya mayai.

Lile neno "mzigo" nalo limekuwa kichaka. 2024 Pirates walimwacha Paul Skenes ligi ndogo mpaka Mei 11, wakisema wanamjenga taratibu. Huko chini alikuwa akiruhusu pointi 0.99 kwa kila iningi tisa! Ligi inahesabu siku 172 kuwa mwaka mmoja wa utumishi, na ukikosa hizo klabu inakumiliki mwaka wa ziada kabla hujawa huru. Mimi siamini kabisa kuwa kalenda ile haikuwa mezani walipokuwa wanajadili mkono wake. Bahati nzuri alichukua tuzo ya chipukizi bora na kanuni ikampa mwaka wake kamili. Wangapi wana bahati hiyo?

Ugonjwa huu umeshateremka mpaka kwa watoto. Mwanangu ana miaka 12, anachezea timu moja ya kusafiri huku kaunti yetu, klabu siitaji. Mwongozo wa Pitch Smart unasema umri wake mwisho mipira 85 kwa siku, na akizidi 65 apumzike siku nne. Kocha ana kile kimashine cha kubonyeza kwa kidole gumba, anahesabu kwa uaminifu kabisa, tk, tk, tk. Jumamosi moja mtoto kafika 80, katolewa, wazazi tukapiga makofi. Kisha kocha akamvalisha vifaa vya mdakaji akamaliza naye mechi, anarudisha mipira kwa mrushaji kila dakika, mkono ule ule! Jumapili timu nyingine ikamtaka tena arushe. Nikamkuta nyuma ya benchi ameshika kiwiko kwa mkono wa kushoto, anakikandakanda bila kunitazama, anaogopa nitamwondoa. Nilimwondoa. Kocha akanionyesha kile kimashine kama hati ya mahakama: "Hajazidi, mzee." Na kabla ya mechi kulikuwa na kijana wa mazoezi ya kulipia anawapima watoto kasi kwa bunduki, anaandika ubaoni nani kaongoza. Miaka 12!

Wajapani walau walianza kushtuka. Kule Koshien, mashindano ya sekondari, mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mipira 250 katika mechi moja ya iningi 17, na 2006 Yuki Saito alifikisha 948 katika mashindano mamoja. Walikuwa wanaita ushujaa. Kuanzia 2020 wameweka kikomo cha mipira 500 kwa wiki, ambacho bado ni kikubwa kwa macho yangu. Nalitaja hili kwa sababu Dar pale shule ya Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wao, na mashindano ya shule zetu tunayaita Koshien vile vile. Uganda nao wameshatoa warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, waliosajiliwa na Dodgers 2022. Makocha wa kwetu wasije wakachukua bunduki za kasi kabla ya kitu kingine chochote.

Ninachotaka? Kikosi kiwe na warushaji 11, basi. Kushushwa na kupandishwa iwe mara mbili kwa msimu, si tano. Ukiwa na watu 11 na huwezi kuita deiwaka kila usiku, kocha atalazimika kumwambia kijana wake anayeanza mechi afike iningi ya saba, na kijana mwenyewe atajifunza kubakiza nguvu. Greg Maddux alirusha iningi zaidi ya 5,000 bila kuishi kwenye maili 97. Na anayeumia akiwa ligi ndogo huku yumo kwenye orodha ya 40 alipwe sawa na wa juu, ili aache kuficha.

NYONGEZA: Naona mkuu mmoja ameniletea Sandy Alcántara wa Marlins, kwamba 2022 alirusha iningi 228 na ushee, akamaliza mechi sita peke yake, na mwaka uliofuata kiwiko kikaenda, kwa hiyo iningi nyingi ndizo zinazoua. Mkuu, umesahau kuwa yule mpira wake unaozama anaurusha maili 98? Mwingine ananiambia Mark Prior. Sawa, 2003 Cubs walimtumia vibaya, zaidi ya mipira 120 mara kadhaa akiwa na miaka 22 na 23, na mechi yake ya mwisho ligi kuu ilikuwa 2006. Sijasema mipira isihesabiwe. Hesabuni, ila msiishie hapo mkajiona mmetunza mtu. Leo Prior huyo huyo ni kocha wa warushaji wa Dodgers, klabu ambayo orodha yake ya majeruhi kila kiangazi inatosha kuunda timu nyingine.

Na wewe unayesema "hiyo ndiyo biashara, klabu zinajua zaidi yako": nitajie klabu moja, moja tu, iliyomwambia kijana wake hadharani apunguze kasi. Nipo hapa nasubiri.